Kufuata Usukani Kizingitini

Nilifunga safari ya Kizingitini kwa sababu ya sindano. Mimi ni mshona kofia, hapa Mkomani, na wakati huo nilikuwa na kofia ya viua, ile ya vitundu vya kudarizi, mkononi, aivae mkwe wangu siku ya kumuoa binti yangu. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na cha pete, vikaanza kufa ganzi. Sindano huanguka, sina habari mpaka niione mkekani. Bi Amina, mke wangu, akasema ni baiskeli, maana ganzi hunishika kila nikirudi shamba, njia ya Matondoni. Baiskeli yenyewe ni ile ya milimani, ya magurudumu manene, nzuri mchangani. Lakini usukani nimeukata huku na huku, kama wafanyavyo wengi mtaani kwetu, ipite vichochoroni bila kukwaruza kuta wala punda.

Habari zikamfikia Athmani, binamu yangu wa Kizingitini, aliyekuwa akichukua kamba-mawe kwa baiskeli kupeleka kwa wanunuzi. Akanipigia simu. "Ndoo huku kwangu uteue usukani. Ninao wa aina tatu. Sitaki kitu."

Hapo nikashtuka. Athmani ni mkono wa birika. Tangu utoto wetu hajanipa hata tende. Leo agawa vyuma bure?

"Huyu ataka kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," nikamwambia Bi Amina.

"Wewe hata mwezi ukiandama wauliza nani kautuma," akanijibu. "Nenda, kofia yangoja."

Asubuhi, gatini. Nahodha wa mashua akaiweka baiskeli mbele, juu ya magunia ya unga, nami nikaenda kukaa papo hapo. Akaniuliza kama naogopa itaruka baharini. Nikazihesabu nati. Nati hupotea, na hakuna anayejua zimepotea vipi.

Kutoka Mtangawanda, mashua ilipotuteremsha, nikapanda baiskeli, nikashika njia ya Siyu. Safari hii niliutazama mwili wangu kama ninavyowatazama watu. Usukani mwembamba umenibana viwiko mbavuni, vifundo vya mikono vimepinda kwenda nje, na uzito wangu wote umelala juu ya kiganja, pale chini ya kidole cha mwisho. Njia ikiwa na mashimo, nazidi kukaza vidole. Kabla ya kufika Siyu ganzi ikaja. Nikashuka, nikaikung'uta mikono, na mama mmoja aliyekuwa akianua nguo akacheka.

"Bwana, wafukuza nyuki?"

"Nafukuza binamu," nikasema. Akanipa maji, nikayanusa kwanza, kisha nikanywa.

Kizingitini nikafika watu wakitoka kuswali adhuhuri. Athmani alikuwa mlangoni. Kwetu ukikutana na ndugu mwashikana mikono, kila mmoja akaubusu wa mwenzake, na mkono husema mengi. Wake ulikuwa mlegevu, umelala ndani ya wangu kama kipande cha samaki, kisha akautoa upesi. Mtu akupendaye hakupi mkono hivyo. Nikajiambia, hapa pana jambo.

Mkewe, Bi Zainabu, akatuandalia wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Athmani akala kwa kijiko. Nyumbani kwake, juu ya mkeka, wali wa nazi kwa kijiko! Nikaona makubwa.

Baada ya chakula akanionyesha usukani wa aina zote tatu. Mmoja umenyooka kama fimbo, mwingine umeinuka juu na una pembe za mbuzi ncha zote mbili, wa tatu mpana, umepinda kidogo kurudi kwa mpandaji. Akanipa spana.

"Funga wewe."

Hata nati moja hakugusa. Kitu kikivunjika, nikawaza, atasema nimevunja mimi. Nikafunga wa kwanza, nikazunguka uwanjani. Viganja vikalalamika vilevile. Wa pembe ulinipa pa kubadilisha mkono, lakini mabega yakapanda masikioni. Wa tatu ulinifungua kifua. Athmani akanifuata kwa sauti. "Kifundo kinyooke na mkono. Teremsha breki kidogo, uzifikie bila kupinda. Usikabe, hicho si kitoweo! Na kila mara sogeza kiganja, usikilalie."

Nikazunguka tena, na tena. Vidole vikabaki hai. Badala ya kufurahi nikazidi kumshuku. Mtu anajuaje yote haya, na kwa nini anipe bure ulio mzuri kuliko yote?

Jioni Bi Zainabu akaleta dele la kahawa, limetoka motoni sasa hivi. Nikaona nimuulize waziwazi. "Athmani, wataka nini kwangu?"

Akajiegemeza kunijibu, ubavu wa mkono ukagusa dele. Ukatulia pale pale. Yeye ananitazama tu.

"Mkono, Athmani! Mkono!" Bi Zainabu akapiga ukelele, akauvuta. Ngozi ilikuwa imeshababuka. Athmani akautazama kama mkono wa mtu mwingine.

"Ulianza kama wako," akasema. "Vidole viwili. Nikasema utapoa. Nikabadilisha usukani, huu, na huu, na huu uliouteua. Nilichelewa. Daktari asema mshipa wa fahamu umekufa. Sasa sishiki spana, na tonge lanimwagika. Baiskeli nimeuza. Nilipoambiwa mshona kofia naye ameanza, sikulala."

Nikaona haya mpaka machozi yakanitoka. Niliushika ule mkono mlegevu, nikaubusu vile nilivyopaswa kuubusu mlangoni.

Kurudi nilipanda njia ile ile, kifundo kimenyooka, vidole vyepesi. Mkomani usukani ule haupiti kichochoroni. Naiacha baiskeli kwa jirani mwenye ghala karibu na gati, naenda nyumbani kwa miguu, na majirani wanicheka.

Ganzi ilichukua muda kuondoka. Siku moja, nikimalizia ukingo wa kofia, sindano ikanichoma kidole cha mwisho mpaka nikapiga kelele. Bi Amina akaja mbio, akanikuta nacheka na kidole kinatoka damu. Nikampigia Athmani simu.

"Imeuma?" akauliza.

"Imeuma sana."

"Alhamdulillahi. Hebu nieleze inavyouma."