Sanduku la Ngurumo la Mbonigaba

Mbonigaba wa Nyabiondo alikuwa mchonga ngoma kabla hajawa seremala, na ukitaka kumwelewa, anzia hapo. Kwa mchonga ngoma mambo ni mepesi: ngoma ndogo ni ya kuchezea harusini, ngoma kubwa ni ya mwami, yaani mtawala. Aliamini hivyo kwa ngoma, kwa vyungu, kwa ng'ombe na kwa watu pia, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mfupi.

Mimi nilipita kwake kila nilipopanda kutoka Walikale, maana mkewe Euphrasie hakumnyima mpita njia sahani ya maharagwe. Mwaka 1954 nilimkuta Mbonigaba hali chakula vizuri. Misioni ilikuwa inajenga kanisa la matofali, na kazi ya milango yake haijapata mtu. Padri alikuwa na maseremala wawili kichwani: yeye, na mtu mmoja wa Hombo mwenye randa ya Ulaya, aliyeisifu randa ile kama mtu anavyomsifu mwanawe aliye seminari. Mbonigaba aliitaka milango ile mpaka akawa ameshachagua mti wa libuyu wa kuitengenezea, na kila akipita anaupapasa kama ng'ombe wa mahari.

Kengele ilikuwa bado haijafika. Kwa misa ya tarehe kumi na tano Agosti, Padri alitaka watu wa mlima wa ng'ambo waitwe kwa kipaza sauti. Akamwambia Mbonigaba: "Tengeneza sanduku lake. Wale wa ng'ambo wakisikia na wakija, milango ni yako."

Fundi wa misioni, bruda aliyeitwa Frère Édouard, alikuwa na vipaza sauti viwili, mdomo wa karatasi kila kimoja. Kimoja kilikuwa na upana wa kisahani. Cha pili, kilichotoka kwenye sinema iliyokufa, kilikuwa na upana wa ungo.

"Papa Mbonigaba, kwa maneno chukua hii kidogo," alisema Frère. "Karatasi yake iko nyepesi, inatikisika mbio. Ile kubwa inasukuma upepo mingi, inatoa sauti ya nzito, lakini maneno inapoteza. Mutu akisimama mbele kabisa atasikia, akisogea pembeni anabakia na ngurumo. Tena inaomba sanduku kubwa, na sauti ile ya nzito itakula batri."

"Frère, kwa mwami yetu ulishaona ngoma kidogo?"

"Hii haiko ngoma."

"Iko na tumbo, iko na ngozi ya karatasi, inapiga kelele. Kama haiko ngoma, njo nini?" Kwao "njo" ni "ndio".

Frère alieleza tena, safari hii kwa Kifaransa na kwa mikono.

Mbonigaba akaenda na ungo. Sanduku alilolitengeneza lilikuwa kubwa kama ghala la mahindi, mbao zimeshikana hata moshi usipite. Frère alipolikagua alisifu kweli: kikubwa kile kinataka sanduku pana lisilovuja hewa, na hili halikuvuja.

Sasa, kila asubuhi Euphrasie alikuwa anasimama ukingoni mwa migomba, mikono mashavuni, akimwita mama yake Nyiraneza aliyekaa mlima ule wa ng'ambo. Sauti yake nyembamba, ya juu. Na majibu yalirudi: mbuzi amezaa, chumvi imeisha.

"Mama Drocella, hii sauti njo gani, kama ya kifaranga?" Mbonigaba alimtania, maana Drocella ndiye mtoto wao wa kwanza. "Siku sanduku yangu itasema, mama yako atakaa chini."

"Lakini ananisikia, Papa Drocella."

"Anakusikia sababu uko mutoto yake."

Akacheka peke yake.

Asubuhi ya sikukuu Frère alikwenda na lori kuchukua batri. Mbonigaba akalitazama sanduku lake likiwa limesimama uwanjani, ile karatasi wazi mbele ya Wakristo wote, akaona aibu. Ngoma uchi. Basi akaleta ngozi ya ndama, akafunika nayo mdomo wote, akaivuta kwa vigingi mpaka ikakaza. Frère aliporudi, watoto wa misa walikuwa wameshawasha ubani. Aliunga nyaya kwa nyuma, na mbele hakufika.

Padri akafungua kinywa: "Wakristo wapenzi." Sanduku likasema: "Mvuuu."

Tuliokuwa karibu tulilisikia kifuani. Kuku mmoja aliacha mayai yake. Mzee Sebarenzi alivua kofia, akidhani Askofu amefika. Mbonigaba uso uling'aa.

Ng'ambo, maharagwe yalikuwa yameanikwa juu ya mikeka, kila uwanja. Ngurumo ilipovuka bonde, tuliwaona watu wadogo wadogo wakikimbia, wakikunja mikeka, wakiingiza watoto na mbuzi. Padri aliendelea kuwaita kwa upendo, na kadiri alivyowaita ndivyo walivyofunga milango. Mwisho mlima ulibaki mtupu.

Mbonigaba akaacha kung'aa. Nilimwona akiutazama mlima, kisha ule mti wake wa libuyu.

Euphrasie ndiye aliyetoka katika safu ya akina mama, akaenda ukingoni, akaweka mikono mashavuni.

"Mama eee! Haiko mvula! Njo bwana yangu!"

Kisha mlango wa Nyiraneza ukafunguka. "Iko nini?"

"Njo bwana yangu na sanduku yake! Mukuje ku misa!"

"Na maharagwe?"

"Mutoe tena inje!"

Walifika wakati wa matoleo, wanacheka bado. Batri ilikuwa imeshakufa.

Baada ya misa Padri alimwita Mbonigaba. "Watu wamekuja. Nani aliwaita?"

Angeweza kusema sanduku. Hata alilitazama. "Mama Drocella, Padri."

Padri alitoa kisu kidogo mfukoni, akajaribu kukiingiza kati ya ubao na ubao. Hakikuingia popote. "Milango ni yako," alisema. "Ngozi usiweke."

Jumapili iliyofuata Frère alitoa ngozi, akakiweka kile kisahani katika kijisanduku juu ya lile kubwa: chini sauti nzito za waimbaji, juu maneno. Vikasikika vyote. Mbonigaba aliwaeleza watu wa Hombo kwamba huo ndio ulikuwa mpango wake toka mwanzo.

Milango aliitengeneza kama sanduku, imeshikana kabisa. Kwa hiyo mvua kubwa zikianza, libuyu linavimba na milango haifunguki mpaka Juni. Watu wanaingilia nyuma, kwa sakristia. Anayewaambia wa ng'ambo kwamba mwaka huu ni nyuma tena, ni Euphrasie.