Kudaka Bila Kutupa

Nianze na ujinga wangu, ili wa kucheka acheke mapema tuendelee na kazi. Siku yangu ya kwanza langoni nilidaka mpira wa juu, safi kabisa, mikono miwili, kifuani. Hata mashabiki wa wageni walinyamaza. Kisha nikageuza kiuno nikautupa nyuma yangu, ndani ya lango letu wenyewe. Hakuna aliyenisukuma. Nilijifunga kwa mikono, nikiwa na akili zangu zote, yaani zile nilizokuwa nazo Kidato cha Kwanza.

Nawaeleza ninyi mnaonifuata langoni, maana nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, na mstaafu haogopi kusema ukweli.

Kwetu Gare tunalima kabichi kwenye matuta ya mlimani, na lori haliwezi kushuka shambani. Kabichi hupandishwa kwa mikono. Mama yuko chini anarusha, mimi katikati nadaka, nageuza kiuno bila kuangalia, namtupia mpakiaji aliye juu ya lori nyuma yangu. Nikishadaka tu Mama anasema "tupa", kwa sababu nyingine iko hewani tayari. Inayodondoka hupasuka, na iliyopasuka haiuziki, tunaila wenyewe. Nimekula nyingi. Ndivyo nilivyojua kudaka kabla sijajua kugawanya.

Basi siku ile mpira ulipotulia kifuani, nililisikia lile neno, "tupa", waziwazi kama niko shambani. Nikatii. Mazoea hayo, nilijiambia.

Mkuu wangu wa kwanza kazini, Mwalimu wa Michezo, hakunichapa. Aliniita pembeni. Kwa hofu nikamwamkia shikamoo mara mbili, akaitikia moja.

"Mikono unayo," alisema. "Kichwa ndicho umekiacha shambani. Nakupa nafasi moja. Ukijifunga tena, utaokota mipira lango la chini mpaka umalize shule."

Asiyekijua kiwanja chetu hawezi kuujua uzito wa adhabu hiyo. Kimechongwa ubavuni mwa mlima. Nyuma ya lango la chini hakuna wavu wala ukuta, ila njia ya kutoka mashambani, kisha mteremko mtupu. Mpira ukipita hapo unakwenda hadi mtoni. Mwokota mipira akirudi, wenzake wameshaoga.

Mkuu wa pili alikuwa Nahodha, wa Kidato cha Nne, mwenye ndevu sita. Yeye alinifundisha kupangua: ukiwa huna uhakika wa kudaka, unausukuma mpira nje kwa viganja, iwe kona, na maisha yanaendelea. Nililipokea somo hilo kama mgonjwa anavyopokea dawa. Nisipodaka, sitatupa! Kwa miaka miwili nilipangua kila kitu, hata mipira ya taratibu iliyostahili kuokotwa na bibi yangu. Tulikuwa timu yenye kufungwa mabao machache na kupigiwa kona nyingi. Mabeki wangu walichoka kuruka. "Mpakiaji," walikuwa wakiniuliza, kwa jina walilonibandika tangu siku ile, "lori bado halijajaa?" Nami nilicheka nao, ila moyoni nilijua kipa asiyethubutu kudaka ni mlango usio na komeo.

Mwaka jana nikaenda kucheza nje. Nje ni Korogwe. Mnaobisha, mtu aliyekulia kwenye ukungu ashushwe bondeni saa nane mchana na sweta lake, halafu anieleze kama hajavuka mpaka. Kiwanja chao kilikuwa tambarare mpaka nikahisi kizunguzungu. Ilikuwa fainali ya mashindano ya shule, tukatoka sare, zikaja penalti. Ikabaki moja, yao. Nikiizuia, kombe letu. Ikipita, na jina la Mpakiaji nitazikwa nalo.

Mama alikuwa ameshuka na lori la kabichi. Alisimama nyuma ya lango langu, ncha ya kanga ameisokomeza mdomoni. Nikadhani jino linamuuma.

Mpira ukaja kwa nguvu, pale pale kifuani zinapotua kabichi. Mikono ikafunga yenyewe. Kiuno nacho kikaanza kugeuka. Nikalingojea lile neno.

Halikuja.

Nikaanguka kifudifudi nimeukumbatia, na sikuuachia mpaka refa aliponiomba kwa upole nimrudishie mpira wake.

Mwaka huu Mkuu wa Shule ametutoa timuni sisi wa Kidato cha Nne, tusome. Sinung'uniki. Namshukuru Mwalimu wa Michezo kwa ile nafasi moja, Nahodha kwa kona zote, mabeki wangu kwa magoti yao, na kila kabichi iliyonipasukia miguuni.

Siku ile ya Korogwe, tulipofika kwenye lori, Mama aliitoa kanga mdomoni. Ncha yake ilikuwa imetafunwa. Nikamuuliza kama jino limetulia.

"Jino gani?" alisema. "Siku yako ya kwanza nilikuwa napita nyuma ya lango, natoka shambani. Aliyesema 'tupa' ni mimi. Leo nikaona bora nijizibe."