Mke Wangu, Mama wa Nyumbani

Nilikubali mke wangu aandikwe mama wa nyumbani. Wakala wa karatasi za kwenda nchi za nje aliniuliza mara mbili, kalamu ikiwa juu ya karatasi, na ningeweza kusema hapana, nikanyanyuka, nikaenda zangu kazini. Niliitikia kwa kichwa.

Miaka hiyo wakimbizi walishuka ufukweni Kigoma kila siku, wengine kutoka Burundi, wengine kutoka ng'ambo ya ziwa. Mke wangu alikuwa muuguzi mkunga katika kituo cha mapokezi. Mimi nilikuwa tabibu msaidizi papo hapo, ingawa mji mzima uliniita daktari nami sikumsahihisha mtu. Nilipangiwa hema la kipindupindu. Vitanda vyake vilikuwa vya turubai lililotobolewa katikati, na ndoo chini ya tundu. Anayetaka kujua miaka ile ilinukaje, ilinuka klorini na kile kilichokuwamo ndani ya ndoo. Nilikuwa nikirudi nyumbani Rusimbi, naletewa ugali, nashindwa kuupeleka mdomoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Yeye alizalisha katika hema la pili. Wanawake wa Kirundi walimshika mkono wakisema, "Urakoze, mawe," asante mama, hata wale waliomzidi umri.

Daktari mmoja mgeni alimwambia kwamba nchi yao inatafuta wakunga, na kwamba mtu kama yeye wangemchukua pamoja na familia yake. Alirudi nyumbani akicheka peke yake. Alitaka kwenda, wala hakuficha. Alitaka afanye kazi mahali penye maji ya bomba na damu ya kuongeza, ambapo mzazi hafi kwa kukosa uzi wa kushonea. Nilimwambia karatasi nitazishughulikia mimi. Akanikabidhi vyeti vyake vyote ndani ya bahasha. Sikumwibia. Alinipa mwenyewe.

Wakala alikuwa mtu wa Dar aliyepanga chumba katika nyumba ya wageni karibu na stesheni. Alijipaka marashi mazito, akilamba kidole gumba kabla ya kufunua kila ukurasa, na kwenye vyeti vya watu aliacha mafuta ya migebuka, samaki aliokuwa akila. Nje, wauguzi na matabibu wa mkoa mzima walijipanga kwenye benchi, na wote tulijua wagonjwa tuliowaacha. Yule mtu alinitia kinyaa. Kilichonitia kinyaa zaidi ni kwamba nilikuwa nimevaa koti kwa ajili yake.

Hata hivyo ushauri wake wa kwanza ulikuwa wa kweli. "Daktari, mweke mama mbele," alisema. "Kule wanamtaka mkunga. Kazi yako hawaijui. Mama awe mwombaji, wewe uwe mtegemezi wake."

Mtegemezi. Neno hilo nililibeba hadi Ujiji, kibarazani kwa kaka yangu, ambako wanaume hunywa kahawa baada ya alasiri. Nilikosea kulitua pale.

"Mtegemezi?" kaka yangu alisema. "Yaani unapanda ndege umeshika upindo wa kanga ya mkeo?"

"Kule uwanjani watamuuliza," akadakia mchuuzi wa dagaa, jirani yake. "Mama, huu mzigo ni wako?"

"Atasema ni wangu, lakini hauna kitu cha kulipia ushuru!" kaka akamalizia.

Walicheka hadi kahawa ikawapalia, nami nikacheka nao. Baadaye kaka akanisindikiza hadi barabarani. "Mdogo wangu, kwenda sikukatazi. Ila wanaume wa ukoo huu hawajawahi kupelekwa na wanawake. Usituanzishie."

Kesho yake nilimwambia wakala jina langu litangulie. Akainua mabega. "Basi yeye asionekane na kazi. Wakijua ni mkunga watauliza kwa nini hakuomba yeye. Nimwandike mama wa nyumbani?"

Vyeti vyake nilivirudisha sandukuni, chini ya mashuka. Alipouliza mbona haitwi kwenye mtihani wa Kiingereza, nilimwambia ataufanya akishafika. Sahihi kwenye fomu aliiweka siku aliyotoka zamu, macho yakijifumba, mikono ikinuka dawa. Nilimwonyesha kwa kidole mahali pa kusaini.

Tulipoitwa Dar kwa mahojiano tulikwenda kwa treni. Njia nzima alijizoeza majibu. Alinitaka nimuulize dalili za kifafa cha mimba, nikamuuliza, akajibu, na abiria waliokuwa karibu wakamwita dokta. Nilitazama nje dirishani.

Ofisa wa ubalozi alikuwa mwanamume mwenye mafua aliyekuwa akipenga kwenye karatasi laini na kuzitupia kando ya mafaili yetu. Mama mmoja wa Kitanzania alitafsiri. Kwangu waliuliza mengi. Mwishoni, kwa adabu tu, ofisa akamgeukia mke wangu, akimtaka amweleze siku yake huipitishaje.

"Nazalisha," alisema. Akaketi vizuri, akaanza kueleza: hema, foleni ya wajawazito, mtoto aliyetanguliza miguu wiki iliyopita na jinsi alivyomtoa akiwa hai. Alieleza kwa furaha. Ofisa aliacha kupenga. Alifunua karatasi, akasoma, akafunua tena, kisha akaniuliza mimi: je, mkeo ana kazi?

Hapo bado palikuwa na nafasi. Ningeweza kusema nimedanganya, huyu ni mkunga, na vyeti vyake viko Kigoma.

"Anamaanisha huwasaidia majirani," nilisema. "Si kazi."

Yule mama mtafsiri alinitazama. "Kaka, nitafsiri hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Tulipotoka mke wangu aliuliza swali moja tu. "Vyeti vyangu viko wapi?"

"Sandukuni. Chini ya mashuka."

"Mashuka niliyoyafua mimi," alisema, akatembea mbele yangu hadi kituoni.

Tulikataliwa wote. Kuhusu mimi walisema kwamba kwao hakuna kazi inayolingana na yangu, isipokuwa kama ningetaka kuwaogesha wazee. Niliichana barua yao kwa hasira, mimi niliyemfanya mkunga kuwa si kitu kwa sentensi mbili.

Yule daktari mgeni alimsaidia aombe upya kwa jina lake. Jibu lilikuwa fupi: maelezo yake hayaafikiani na yale aliyoyatia sahihi mwanzo, na ombi lake halitapokelewa. Aliniletea barua mezani, akaingia jikoni kupakua chakula. Mimi nilikula.

Baada ya miezi michache aliomba uhamisho wa kwenda Kasulu, kwao, akaondoka na mabinti zetu wawili. Kaka yangu alisema atarudi, wanawake hurudi. Wale wa kibarazani walinipa pole kwa siku mbili tatu, kisha wakaendelea na kahawa yao. Alizalisha Kasulu hadi alipostaafu, na huko ndiko alikozikwa. Msibani nilikaa na wageni waliotoka mbali. Hakuna aliyenisogeza mbele, nami sikustahili kusogezwa.

Miaka mingi kabla ya msiba huo, mabinti walipofikia kuolewa, posa zilipelekwa kwa mjomba wao. Nilizisikia kwa watu, sokoni Buzebazeba, zikiwa zimekwisha kupokelewa. Uamuzi wangu ulimkosesha mke wangu kazi aliyostahili katika nchi iliyomtaka, na mimi ulinikosesha mke na mabinti wangu wote wawili. Jina langu lilitangulia kwenye ile karatasi, nami ninazeeka peke yangu.