Suruali ya Usaili

Mama ni fundi cherehani, lakini nyumbani tuna suruali moja tu ya kuvaa kwenye usaili. Baba ni mfupi, kaka ni mrefu kama mlingoti. Tangu biashara zidorore na Baba apunguzwe kazi kiwandani, Mama anakunja pindo leo, kesho analikunjua, pini mdomoni, akinung'unika.

Jana Baba alirudi kutoka usaili kwenye ofisi moja, amenuna. "Wananiambia nimezeeka."

Leo kaka akarudi kutoka ofisi hiyohiyo. "Wanasema bado mdogo, sina uzoefu."

Mama akatema pini. "Huyu mzee, huyu mtoto! Sasa wanamtaka nani, jamani? Mtu asiye na umri?"

"Mama watoto, nikunjie pindo, kesho najaribu kwingine," Baba alisema.

"Lakini kesho ni zamu yangu!" kaka akadakia.

Mama, ambaye hamfikii Baba hata begani, alichukua mkasi, akaikata suruali miguu yote miwili, akaishona upya kwa kimo chake.

"Kesho naenda mimi," alisema. "Nyinyi bakini na cherehani. Hiyo haimuulizi mtu umri."