Kifuniko Kilichong'aa

Katika miaka ile ya vita, nyumba yetu ya Beu, pale Beni, iliua sufuria nyingi kuliko askari walivyoua kuku. Zote zilikuwa za dukani, nyepesi kama karatasi. Wali ukiungua mara mbili, chini kunatoboka. Ya mwisho ilitusaliti njiani. Tulikuwa tunakimbia risasi kuelekea mashambani, wali ukiwa bado moto ndani yake, mkono wa kuishikia ukang'oka, na chakula cha watu saba kikamwagika kwenye matope. Batoto walishinda njaa siku mbili. Mke wangu hakulia. Aliniambia tu kwamba sufuria itakayofuata iwe ya kukimbia nayo, au nibaki nayo huko huko nitakakoinunua.

Donc nikaenda Butembo, kwa fundi aliyeyeyusha vipande vya injini za malori na kumimina sufuria katika mchanga. Nilikwenda na yaya, dada yangu mkubwa, muuza maharagi aliyeijua barabara ile kuliko matairi yanavyoijua. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, diploma bado inanuka wino, nikajiona naweza kumfundisha hata fundi moto. Nikachagua iliyo nzito kuliko zote. Yaya hakuitazama hata kidogo.

Alizigonga moja moja kwa kifundo cha kidole, akazikataa zilizolia kama kikombe chenye ufa. Zilizobaki alizijaza maji, akazikausha chini, akaziweka juu ya karatasi kavu, maana chuma cha kumimina huficha vitundu vya sindano. Mbili zililowesha karatasi. Mojawapo ilikuwa ile yangu nzito. Kisha akavuta mikono ya kushikia: alitaka iwe imemiminwa pamoja na sufuria, hapana ya kupigiliwa. Mwisho kabisa, kifuniko. Fundi humimina kila kifuniko kwa ajili ya sufuria yake. Ukikipeleka kwa nyingine kinakataa. Yaya alikizungusha mpaka kikatulia bila kulia. Wali, alisema, unaivishwa na mvuke. Babula, lile jiko la makaa, inasaidia tu.

Tukainunua hiyo, lakini bado kulikuwa na kazi. Mama yeyote aliyepita bariere za barabarani siku zile alijua kwamba kitu kipya ni cha askari, kilichochakaa ndicho chako. Kwa siku tatu yaya alichemshia maharagi ndani yake juu ya kuni mbichi, hadi ikawa nyeusi kana kwamba imeolewa mara tatu na kuachwa mara nne. Akaniagiza nami nikifukize kifuniko. Nikasema oui, yaya. Mais nilitaka mke wangu auone uso wake mahali angalau pamoja. Nikakisugua kwa majivu, nikakifunga ndani ya shati, chini ya madaftari yangu.

Lori lilisimamishwa karibu na Beni. Askari mmoja, kijana mwembamba mwenye macho mekundu, alipanda na kufungua mifuko. Sufuria yetu ilikuwa kati ya miguu ya yaya, imejaa ndizi na maharagi ya njiani, imefunikwa kwa jani. Aliiruka. Kisha akakunjua shati langu, na jua lote la Kivu likaruka kutoka mle ndani.

"Hii kifuniko ni ya nani?"

Nikasema ni yangu.

"Na sufuria yake iko wapi?"

Nikaanza kupekua madaftari yangu. Askari akaanza kukijaribisha. Sufuria ya mama aliyekaa mbele ilikikataa. Ya pili ikakikataa. Mimi nilijua katika dunia nzima kinaingia mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa hatua mbili kutoka kwenye buti zake. Askari akasogea, akainama, akashika ncha ya lile jani.

Yaya akakipokea kifuniko kutoka mkononi mwa askari, taratibu, kama mtu anayempokea mgeni kofia. Akakipindua.

"Hiyo ni sahani, mwanangu. Nipe nikuwekee chakula. Tangu asubui hauyakula."

Akafunua jani mwenyewe, akachota ndizi na maharagi, akakijaza mpaka pembeni. Askari akala, amesimama, kwa vidole. Aliposhuka, alishuka na sahani yake.

Yaya hakunitukana. Alivuta sufuria karibu na magoti yake, akaishikilia hivyo mpaka Beu.

Mke wangu aliigonga, akavuta mikono, akaridhika na chuma. Akauliza kifuniko kiko wapi. Yaya akamwambia amuulize mwenye diploma.

Tulikimbia nayo mara mbili nyingine, wali ukiwa ndani, jani la mgomba juu na sahani ya bati juu ya jani. Haikumwaga hata punje. Ipo mpaka leo. Na kila wali ukichelewa kuiva, mke wangu ananitazama, nami nakwenda kutafuta jiwe la kukandamizia sahani.