Bei ya Kukaa Nayo

Mwanangu, nakumbuka siku Bi. Zuhura alipozima umeme wa ofisi nzima kwa makusudi, na wauza kompyuta watatu wakabaki wameduwaa.

Ilikuwa Chang'ombe, miaka ile ya tisini, biashara zimefunguliwa na kila kukicha kuna mashine mpya mjini. Mie nilikuwa karani kijana katika kiwanda cha ndoo za plastiki, na Bi. Zuhura, mzaliwa wa Temeke hasa, ndiye mhasibu mkuu. Tulitaka kuunganisha kompyuta zetu kwenye sava, yaani mashine moja ya kutunzia mafaili ya wote, likiwemo la mishahara. Idi ilikuwa inakaribia. Faili lile likipotea, wafanyakazi sikukuu wangeila kwa macho.

Nikapewa kazi ya kulinganisha bei za wauzaji watatu. Nikapendekeza iliyo rahisi kuliko zote: kompyuta ya kawaida iliyogeuzwa sava. Bi. Zuhura akasoma, akavua miwani.

"Bei ya kununua nimeiona, mwanangu. Bei ya kukaa nayo iko wapi?"

Nikaanza kupekua karatasi zangu.

"Hata balbu ya dukani tunajaribishiwa kabla hatujatoa hela," akasema. "Waite waje nazo."

Jungu kuu halikosi ukoko. Walipofika, akataka kila sava iwekewe nakala ya mishahara, tukaanza kuingiza majina na malipo. Kisha akaenda mwenyewe kwenye swichi kuu, akasema bismillahi, akazima.

Ile rahisi ikafa palepale. Umeme uliporudishwa, faili halikufunguka.

"Mama, si umezima ghafla!" muuzaji wake akalalamika.

"Kwani mgao wa umeme hupiga hodi, baba?"

Zile mbili zilikuwa na betri, zikaendelea na kazi. Wauzaji wa hizo mbili akawauliza jambo moja tu: ikiharibika, fundi anatoka wapi? Wa ile ya bei mbaya akataja ng'ambo. Wa ile ya kati akacheka.

"Keko hapo, mama. Nakuja kwa miguu."

Akachukua ya kati. Wiki ya Idi mgao ukatukuta katikati ya mishahara. Betri ikalia, tukahifadhi kazi, tukazima taratibu. Umeme uliporudi kila jina lilikuwa mahali pake. Kina mama wa kufungasha ndoo wakapokea chao, wakaenda Tandika kuwanunulia watoto nguo, wala hawajui kuna kitu kinaitwa sava. Bi. Zuhura aliwatazama dirishani akitabasamu. Nilimpenda bibi yule, na mpaka leo sijaona bosi wa kumfikia.

Basi mwanangu, rahisi huvunja upishi, lakini ghali nayo si kinga. Ukinunua kitu, kijaribu kwa shida unayoijua, na uulize siku kikiharibika nani atakuja. Uulize hivyo hivyo hata unapochagua rafiki, na mchumba pia, usinicheke.

Mungu akupe riziki ya halali, na siku umeme wako ukikatika, fundi wako awe wa jirani.