Chombo cha Mama Kilipozidi Kilo Kumi na Moja

Sisi tuliokulia Albertville, kabla mji haujaitwa Kalemie, tuna mambo ambayo watoto wa leo wakisimuliwa wanatutazama kwa huruma. Tulicheza miguu mitupu, tulikula ndagala na mifupa yake, na mzazi akienda kutafuta mawe ya juu, alikwenda kweli. Mawe ya juu ni yale yanayozunguka jua mbali kupita Mirihi, mengine makubwa kama milima, yenye madini ambayo hata machimbo ya Manono hayakuwa nayo. Kampuni kubwa ziliyafuata kwa vyombo vyeupe vyenye vitanda na mpishi. Sisi hatukuwa watoto wa kampuni. Wazazi wetu walikuwa watafutaji wa kujitegemea, kila mtu na chombo chake, na kila chombo na kelele zake.

Vyombo vile vilitengenezwa kwa matishari ya zamani, mabati yaliyogongwa upya, na vioo vya vichwa vya treni vilivyokufa. Vilikunywa maji ya ziwa, vikayachemsha, na mvuke ndio uliovisukuma hadi huko. Wakati wa kurudi vilianguka ziwani, wavuvi wakavivuta ufukweni kwa mitumbwi huku wakilalamika kwamba samaki wamekimbia. Kila kimoja kiliandikwa jina ubavuni. Kulikuwa na Mungu Anajua, kulikuwa na Usiniulize. Cha Mama yangu kiliitwa Tutaona.

Ndiyo, cha Mama. Nyumbani kwetu aliyekwenda juu alikuwa yeye. Chombo alikirithi kwa kaka yake, na kazi ile aliipenda kuliko kukaa. Nasema hivyo leo bila uchungu, ingawa utotoni uchungu ulikuwepo wa kutosha. Baba, tuliyemwita Papa, alikuwa karani wa mizani pale stesheni ya mizigo. Kabla ya kuondoka, kila chombo kilipandishwa kwenye mizani ya mabehewa. Kilo zikizidi, kitu kilishushwa, kwa sababu uzito wa ziada ulimaliza maji ya kupunguzia mwendo wakati wa kurudi. Miaka ile bendera zilibadilika mara nyingi hadi mwalimu wetu akaacha kutufundisha rangi zake. Papa alipima chini ya bendera zote kwa sura ileile.

Michezo yetu ilitoka huko huko. Tulining'inia kichwa chini kwenye mpera tukila mikate ya mafuta, kwa kuwa tulisikia watafutaji wanakula hivyo, na mafuta yakatuingia puani. Mchezo mkubwa ulikuwa kutembea kama aliyerudi. Mtu akikaa miezi mingi bila uzito, miguu inasahau kazi yake. Wavuvi walimbeba kwa kiti hadi kwake, na juma zima alitembea akishika kuta. Sisi tulimfuata nyuma tukimwiga. Ukikamatwa, ulichapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu, kisha mama yako akaenda kumshukuru.

Jumamosi saa kumi alasiri tulikusanyika stesheni. Karani wa radio, Papa Kalunga, alitoka na karatasi akasoma habari za walioko juu kwa sauti ya mtu anayesoma saa za treni. "Mungu Anajua, muzima, anasalimia. Usiniulize, muzima, anasema mutoto wake aende masomo." Basi. Neno hilo moja, muzima, lilitutosha juma zima. Leo simu za wajukuu zangu zikizimika saa moja tu, wanazunguka nyumba kama waliofiwa.

Nilipokuwa na miaka minane, Mama alijitayarisha kwa safari ya miezi kumi. Mimi nilikuwa nimechoka kuwa na mama wa kusomewa kwenye karatasi. Nilitaka abaki. Nikawaza kwamba chombo kikizidi kilo hakiondoki, na mtu wa kukizuia ni Papa, na Papa hana mchezo kazini. Mchana mmoja, wakubwa wakiwa wamelala baada ya bukari, ugali wetu, na sombe la majani ya muhogo, nilikwenda ufukweni nikaokota mawe sita, nikayafunga kwa kitambaa changu cha kichwa, nikayasukuma chini ya kiti cha Mama ndani ya chombo. Alikuwa anakwenda mbali kutafuta mawe, na mimi nikamtangulizia.

Siku ya kupima, Papa aliitazama mizani muda mrefu.

"Kilo kumi na moja zimepita," alisema.

"Umepima muzuri?" Mama akauliza.

"Mizani haina bibi wala mutoto."

Mama akachungulia ndani. Unga hakuweza kuushusha, angekula nini. Maji hapana. Vyuma vya kuchimbia hapana. Akaifungua radio ukutani, akaiweka mikononi mwa Papa kana kwamba anampa mtoto amshikie.

"Muntu hakule radio," alisema. "Mutanisikia siku nitarudia."

Sikujua kwamba radio inaweza kushushwa. Papa naye aliutazama mfuko wa unga, kisha akaandika. Ningeweza kusema pale pale, lakini niliogopa fimbo. Kesho yake Tutaona ikapanda na mawe yangu.

Jumamosi zilizofuata Papa alinishika mkono tukaenda stesheni, ingawa radio ya Mama ilikuwa kwetu juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Papa Kalunga alisoma majina yote ila letu, tukamshukuru, tukarudi. Papa alipika mwenyewe, bukari lenye madonge, tukala hivyo hivyo. Miezi ile hakunigombeza hata mara moja, na hilo liliniogopesha zaidi. Kufika mwezi wa sita nilikuwa nimeamini kwamba nimemuua Mama yangu. Nililia chooni nisisikike. Mwezi wa kumi ukapita, wa kumi na moja ukaingia, na Papa akaanza kuvaa koti la Jumapili kwenda stesheni.

Mama alirudi Jumanne, sisi tuko kwenye hesabu. Kishindo kilisikika ziwani, mwalimu akachungulia dirishani, akasoma ubavu wa chombo bila haraka. "Feza, enda. Mama yako njo ule."

Nilimkuta kwenye kiti, amekonda, macho makubwa, anabebwa na wavuvi watatu na Papa. Papa alishika mguu wa nyuma wa kiti. Machozi yalimtiririka njia nzima na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Nyumbani, Papa alipotoka kuchemsha maji ya kuoga, nilipiga magoti nikamweleza Mama yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mawe niliyapata siku ya tatu," alisema. "Kitambaa nilikijua. Lakini ndani ya unga nilipata tena buloni munane, zile za kufungia reli. Zile pia njo zako?"

Nikasema hapana. Kwetu mtu wa reli alikuwa mmoja tu, naye alikuwa uani anapuliza moto.

Mama alitazama mlango wa uani. "Usimuambie Papa yako kama ninajua," alisema. Kisha akauliza kama kuna sombe.

Alisafiri tena mara tatu. Kila safari niliuchunguza unga, na kila safari ndani yake mlikuwa na buloni moja tu, isiyoweza kumzuia mtu. Mimi niliweka jiwe moja, dogo. Mama, kabla ya kupimwa, aliacha nyumbani viatu vyake vya pili, ili mizani isimame sawa, na radio iende naye. Hakuna aliyesema lolote kwa mwenzake, hadi wote wawili nikawazika.

Wiki iliyopita mjukuu wangu mmoja alikwenda huko huko, kwa chombo kinachojipima chenyewe. Alikuja kuniaga na begi moja, pikipiki ikimngoja nje bila kuzimwa.

"Koko, usilie, nitakupigia kila siku," alisema.

Na ni kweli anapiga, namwona hadi meno, ananieleza alichokula. Lakini siku ile nililinyanyua begi lake nikalipima kwa mkono. Lilikuwa jepesi kabisa. Aliniambia mashine yao inajua kila gramu iliyomo, kitu kisichoandikwa inakitoa. Nikamrudishia begi bila jiwe, akaenda.